Chesisi ya Pikapu na Chumvi ya Mombasa: Namna ya Kuzuia Kutu Kabla Haijala Chuma

"Nipake nini?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mara na wenye pikapu. Mmoja anatoka Mtwapa na gari la kubebea samaki, mwingine anavuka na feri ya Likoni kila siku, mwingine gari amelitoa bandarini juzi tu. Wote wameinama, wameona wekundu chini ya gari, na wote wanataka jina la dawa.

Jibu langu halibadiliki: cha kupaka ni swali la mwisho. Kwanza chumvi itoke, kisha chuma kikauke. Halafu, na hili watu hawaliamini mpaka walione, kinga kubwa lazima iingie ndani ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, pale macho yasipofika.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Pikapu yangu ya kwanza niliipeleka gereji fulani, ikapakwa lami nyeusi chini yote, ikapendeza kama mpya. Mwaka wa pili, nikirudi na shehena ya nazi kutoka Kilifi, nilisikia mlio mmoja mzito na kitanda cha nyuma kikainama upande. Boriti ya kushoto ya chesisi ilikuwa imepasuka juu ya ekseli. Fundi alipoikata alinionyesha kitu ambacho sijakisahau: ganda la lami lilikuwa limesimama zima, na nyuma yake hapakuwa na chuma bali maganda mekundu yaliyomwagika kama unga. Lami ilikuwa imefungia chumvi na maji ndani, na mimi nililipa ili ifanye hivyo.

Kwa hiyo soma hatua zote kabla hujanunua chochote. Kazi yenyewe inahitaji mikono, maji matamu, jua, na wikendi mbili tatu.

Kwa nini Mombasa ni pagumu kwa chuma

Sitakuchosha na kemia. Angalia mkebe wa chumvi jikoni kwako: watu wengi hapa huitia punje za mchele ili isigandamane. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofikia takriban asilimia 75, na asubuhi nyingi za Mombasa unyevu hupita hapo. Chumvi ya bahari ina vitu vingine ndani yake vinavyolowa hata hewa ikiwa kavu zaidi. Hii ina maana kwamba gari lako linaweza kulala pakavu, mvua isinyeshe mwezi mzima, na bado chesisi ikawa imelowa kila usiku.

Chumvi hiyo hufika kwa njia nyingi: upepo wa bahari, sakafu ya gati inayoloweshwa na mawimbi, mchanga wa ufukweni, na barafu ya samaki inayoyeyuka na kuchuruzika kutoka kwenye kitanda. Mwenye pikapu ya samaki, hiyo barafu ndiyo adui yako wa kwanza kuliko bahari yenyewe, kwa sababu inadondoka moja kwa moja juu ya boriti za nyuma kila safari.

Njia nyingine hufichika kabisa, nayo ni kisima. Visima vingi vya mjini na vya pwani nzima vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha gari chini kwa maji hayo na mashine ya presha, unaisukuma chumvi mpaka kwenye kila mwanya.

Wala usidhani gari lililotoka Japani juzi ni salama. Sehemu za kaskazini za nchi hiyo, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linaweza kushuka bandarini Kilindini likiwa na bodi inayong'aa na chesisi iliyokwisha kuanza kuliwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jeki nzuri na stendi nne za chuma. Zikikosekana, lipia muda kwenye gereji yenye shimo au lifti.
- Mitungi sita ya lita 20 ya maji matamu. Ya bomba, ya mvua uliyokinga, au ya boza unaloliamini. Jaribu kwa sabuni na kwa ulimi: maji yasiyotoa povu vizuri, au yenye ladha, usiyatumie.
- Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani. Nunua mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya wadudu iache huko huko.
- Nyundo ndogo, bisibisi pana, tindo, brashi za waya za mkono, msasa nambari 80, na grainda yenye brashi ya waya ukiweza kuipata.
- Miwani ya kazi, glavu na barakoa. Unga wa kutu ukiingia jichoni ni safari ya hospitali.
- Dawa ya kubadili kutu, chupa moja.
- Praima ya kuzuia kutu na rangi nyeusi ya chesisi. Ya epoksi yenye mikebe miwili ya kuchanganya ni bora. Oksaidi nyekundu inakubalika kama mfuko hauruhusu.
- Kinga ya ndani: nta ya dawa maalumu ya chesisi, au mchanganyiko nitakaoueleza kwenye hatua ya 8.
- Thina, matambara safi, gazeti, na utepe wa karatasi wa kufunikia.
- Simu yenye tochi. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ni msaada mkubwa, nayo si ghali.

Kuhusu wakati: Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndiyo miezi ya kazi hii. Usianze Mei. Mvua za masika Mombasa huwa kali zaidi mwezi huo, na chuma hakikauki hata ukiombe.

Hatua za kazi

1. Kagua kwanza, na ukague kwa masikio.

Chesisi ya pikapu ni boriti mbili ndefu zilizounganishwa na vyuma vya kukingama. Kwenye magari mengi boriti hizo ni boksi, yaani zina uwazi ndani. Gonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kutoka mbele hadi nyuma, juu, chini na ubavuni. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali yenye mwangwi. Kilichooza kinatoa sauti butu, kama unagonga ubao uliolowa.

Usiharakishe hapa. Tumia saa nzima ikibidi. Sehemu za kukazia macho ni juu ya ekseli ya nyuma ambapo boriti hupinda, mahali springi zinaposhikiliwa, nyuma ya magurudumu ya mbele yanaporusha matope, boriti iliyojificha juu ya tangi la mafuta, na kila mahali vyuma viwili vimelaliana. Matope hujazana juu ya boriti chini ya kitanda, na huko jua halifiki wala huoni. Ingiza mkono.

Pale sauti ilipokuwa butu, sukuma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikitoboka, simama. Acha kubeba mzigo na gari hilo, na uruke hadi sehemu ya matatizo hapo chini. Rangi haishonei tundu.

Kisha tafuta matundu ya asili ya boriti, yale ya kutolea maji yaliyo chini yake. Mengi huwa yamezibwa na matope. Yazibue kwa waya. Maji mekundu au maganda yakimwagika, umeshajua ndani pakoje. Chomeka kamera uone mwenyewe.

2. Inua gari kwa usalama.

Ardhi iwe ngumu na sawa. Weka breki ya mkono, zuia magurudumu yanayobaki chini, inua, weka stendi, kisha utikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Usiegemeze gari kwenye mawe ya matumbawe wala tofali. Yanaonekana imara, lakini hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Jeki peke yake pia si ya kukulinda. Ni ya kuinulia tu.

Vua magurudumu. Kama una wasaidizi wanne na bolti zinafunguka, kuvua kitanda cha nyuma kutakurahisishia kazi kuliko kitu kingine chochote.

3. Osha kwa maji matamu, nje na ndani.

Kwangua matope makavu kwanza, halafu sugua nje kwa sabuni ya kawaida na brashi. Suuza. Sasa ingiza mpira wa pampu kwenye kila tundu la boriti, uelekeze mbele kisha nyuma, na usukume maji mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Mitungi minne huisha hapa, nayo si hasara.

Acha likauke mchana mmoja, halafu rudia kwa mitungi miwili iliyobaki. Mara moja haitoshi, kwa sababu chumvi hujificha ndani ya vishimo vya kutu na hutoka kidogo kidogo.

Kipimo changu cha kujua kama imetoka ni hiki: asubuhi ya siku inayofuata, mapema, pitisha macho kwenye chuma. Ukiona vidoa vinavyotoa jasho ilhali sehemu nyingine ni kavu, chumvi ipo hapo. Osha tena.

4. Kausha kwelikweli.

Siku mbili za jua na upepo. Ukiwa na kompresa, puliza ndani ya boriti na kwenye maungio. Ndani hukauka polepole kuliko nje, kwa hiyo usijidanganye na unachokiona. Ingiza kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye waya, ukivute: kikitoka na unyevu, subiri.

Mafundi wa majahazi wanalijua hili zamani. Chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa mwani na chaza, kikaachwa jua likaushe ubao, ndipo kikatiwa deheni, yale mafuta mazito ya kulinda ubao. Hakuna atiaye deheni juu ya ubao unaovuja maji. Chesisi ni hivyo hivyo.

5. Kwangua kutu.

Kabla ya grainda kuwaka, fanya mambo matatu. Ondoa waya wa hasi wa betri. Funika kwa gazeti na utepe mipira na mabomba ya breki, nyaya, na bushi za mpira. Na tafuta nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye pikapu nyingi za Kijapani iko upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Sehemu hiyo safisha kwa brashi laini ya mkono na thina tu. Ukiila nambari hiyo kwa grainda, siku ya kuuza gari au ya ukaguzi utajikuta unaeleza mambo kwa watu wasiokuamini.

Karibu na tangi la mafuta usitumie grainda kabisa. Cheche moja inatosha. Huko fanya kwa mkono.

Anza na tindo na nyundo kuangusha maganda mazito, halafu brashi ya waya, halafu msasa. Hapa kuna kosa linalowapata hata mafundi wazoefu: brashi ya waya inayozunguka kwa kasi huing'arisha kutu. Utaona uso wa kahawia iliyokoza unaong'aa, udhani ni chuma. Chuma safi ni cha kijivu. Kwa hiyo, baada ya brashi pitisha msasa, na pale panapobaki na weusi ndani ya vishimo, hapo ndipo dawa ya hatua inayofuata ina kazi.

Huhitaji kukwangua rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri. Ipitishie msasa tu ili ipate ukwaruzo. Kuiondoa ni kujiongezea kazi na kuitupa kinga iliyo bora kuliko utakayopaka.

6. Paka dawa ya kubadili kutu, pale panapohitaji.

Dawa hizi nyingi zina asidi ya fosfori au tanini. Zinaigeuza kutu iliyobaki kuwa safu nyeusi iliyotulia. Zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikana na chuma. Juu ya maganda hazifiki chini, na hapo umepaka rangi hewani.

Paka kwa brashi, safu nyembamba, uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Nyingine zinataka kusuuzwa, nyingine hazitaki. Soma. Usiimwage kwenye chuma safi kisicho na kutu.

Tafadhali usikubali fundi akuletee asidi ya betri au ile ya kusafishia vyoo. Ya vyooni mara nyingi ina kloridi, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi unayohangaika kuiosha. Chuma kitang'aa leo na kesho asubuhi kitakuwa chekundu kuliko jana.

7. Praima na rangi.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina. Anza kazi umande ukishakauka, tuseme saa tatu asubuhi, na umalize saa tisa alasiri ili rangi ishike kabla ya unyevu wa jioni.

Kabla ya kupaka sehemu pana, chukua brashi ndogo upitie kwanza kingo zote, welding zote, vichwa vya bolti na maungio. Rangi mbichi hukimbia kwenye kingo kali na kubaki nyembamba, ndiyo maana kutu huanza hapo daima. Ikikauka kidogo, paka praima chesisi nzima. Subiri. Kisha rangi nyeusi, safu mbili nyembamba kuliko moja nzito.

Ukitumia epoksi, changanya kidogo kidogo. Kwa joto letu hugandia mkebeni upesi kuliko muda ulioandikwa, na nimeona watu wakitupa nusu ya mkebe wa bei kubwa.

Lami siipendi. Nimeeleza sababu. Ikizeeka hukauka, ikapasuka nyufa nyembamba, maji ya chumvi yakaingia nyuma yake na yasipate pa kutokea. Kama lazima uitumie kuzuia mawe, iwe kwenye mapango ya magurudumu tu, juu ya rangi nzima, wala si juu ya chuma chenye kutu.

Acha rangi ishike wiki moja kabla ya hatua ya 8. Mpangilio huu ni muhimu: ukianza na mafuta ya ndani, yatavuja kwenye matundu na maungio, na rangi ya nje haitashika tena.

8. Kinga ya ndani.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chesisi nyingi huoza kutoka ndani kwenda nje, na unapoona doa nje, ndani mambo yalikwisha zamani. Si tatizo la magari mabovu tu. Mwaka 2016, huko Marekani ambako barabara humwagiwa chumvi msimu wa baridi, Toyota ilikubali suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kwa ajili ya kutu kwenye chesisi za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia, yapata magari milioni 1.5. Kama chesisi za kampuni kubwa namna hiyo zimeliwa, yako haina kinga ya kuzaliwa.

Ukipata nta maalumu ya ndani ya chesisi, itumie. Ukikosa, mimi hutumia mchanganyiko huu: oili mpya ya injini ya bei nafuu, ile nzito nambari 40, lita tatu, na grisi nusu kilo. Tia kwenye mtungi wa chuma, uweke juani saa za mchana, ukoroge mpaka grisi iyeyuke, kisha chuja kwa kitambaa. Usiuweke motoni. Jua la Mombasa linatosha kabisa.

Oili chafu ya kumwaga injini ni bure, najua, na kila gereji itakushauri. Mimi nakataa. Ina asidi na masizi ya injini, inadhuru ngozi na inaweza kuleta saratani ukiigusa mara kwa mara, na hudondoka ardhini mpaka visimani. Oili mpya ya nambari 40 haitakufilisi.

Kupuliza: chukua mpira mwembamba mrefu, ziba ncha yake kwa moto, utoboe matundu manne madogo kuizunguka ili mafuta yatoke pande zote. Uunge kwenye pampu au bunduki ya kompresa. Usukume ndani ya boriti mpaka mwisho, anza kupuliza, ukiuvuta nje polepole. Ingia kwa kila tundu, kutoka pande zote mbili. Utajua imetosha mafuta yakichuruzika kwenye maungio na matundu ya chini.

Matundu ya kutolea maji usiyazibe. Narudia: usiyazibe. Kuna watu huweka vizibo vya mpira wakidhani wanazuia maji ya bahari yasiingie. Maji yataingia tu, na hayatakuwa na pa kutokea.

9. Malizia nje na ukague breki.

Pitisha safu nyembamba ya nta au mchanganyiko ule ule juu ya boriti, kwenye bolti na maungio. Weka mbali na diski, ngoma na mipira ya breki, bomba la moshi, na bushi za mpira, maana oili huulainisha mpira ukaharibika. Tandika maboksi ya karatasi chini siku mbili, mafuta ya ziada yadondoke hapo.

Rudisha magurudumu, kaza nati, rudisha betri. Endesha polepole mtaani ukijaribu breki kabla hujaingia barabara kuu.

Baada ya hapo

Osha chini kwa maji matamu kila mwezi, na siku hiyo hiyo ukitoka ufukweni au ukipitishwa kwenye maji ya bahari gatini. Machi, kabla ya masika, puliza tena mafuta ndani. Safari hiyo ni kazi ya nusu siku.

Kwa wabeba samaki: tandika turubai zito kwenye kitanda, au tumia masanduku yasiyovuja, na utoboe njia moja ya maji yenye mpira unaoyashusha chini ya boriti bila kuigusa. Rafiki yangu wa Kongowea alifanya hili tu, bila kupaka chochote, na tofauti ilionekana.

Matatizo yanayojitokeza

*Rangi imevimba malengelenge baada ya wiki chache.* Chumvi au maji yalibaki chini. Usipake juu yake. Kwangua hilo lengelenge hadi chuma kizima, osha kwa maji matamu, kausha, anza tena hatua ya 6 kwa sehemu hiyo.

*Mstari mwekundu unachuruzika kutoka kwenye maungio.* Kutu iko kati ya vyuma viwili vilivyolaliana, mahali brashi haifiki. Usizibe kwa pati wala silikoni. Lowesha hapo kwa oili nyepesi kila siku kwa wiki moja ili inywewe ndani, kisha funika na mchanganyiko mzito.

*Bolti haifunguki.* Lowesha kwa oili nyepesi ya kupenya, uache usiku kucha, gonga kichwa kwa nyundo, jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Bolti za springi zilizoliwa shingo zibadilishe. Si mahali pa kubana matumizi.

*Kuna harufu ya kuungua na moshi mwembamba.* Mafuta yamegusa bomba la moshi. Zima, subiri lipoe, futa. Usiendelee kuendesha ukitumaini litaungua likaisha.

*Breki zinateleza au gari linavuta upande mmoja.* Mafuta yamefika kwenye breki. Gari lisitoke. Diski zisafishe kwa dawa ya breki; pedi au laini za ngoma zilizokunywa mafuta hazisafishiki, zibadilishe.

*Bomba la breki lina kutu na vishimo.* Hilo halipakwi rangi. Badilisha kabla ya safari nyingine.

*Bisibisi imetoboa chesisi.* Mtafute fundi wa welding mwenye uzoefu wa chesisi, na umuulize maswali haya kabla hajawasha mashine. Je, atakata chuma kilichooza chote hadi kufikia kizima? Kiraka juu ya uozo kinashikwa na uozo. Je, bamba atakaloweka lina unene sawa na wa boriti? Ncha za kiraka atazikata mshazari, kama umbo la almasi? Welding iliyokata boriti wima, moja kwa moja, huacha mstari dhaifu na chuma hupasuka pembeni yake mzigo ukipanda. Na je, ataondoa waya wa betri na kulisogeza tangi la mafuta? Akikasirishwa na maswali, nenda kwa mwingine. Akimaliza, ndani ya sehemu iliyochomewa hapana rangi tena, joto limeiunguza yote. Kabla ya siku kwisha, chuma kikishapoa, ingiza mpira wa pampu kwenye tundu la karibu na upulize mafuta mpaka yachuruzike kwenye welding mpya.